Begi la Kilo Tano

Simu ya Madamu iliingia Jumatatu saa nne asubuhi, Fundi Sindano akiwa amelala sakafuni juu ya mkeka, magoti kayainua, macho darini. Ndivyo alivyoelekezwa hospitalini: nusu saa asubuhi, nusu saa jioni, mgongo unyooke. Mkewe aliichukua simu mezani, akasoma jina, akampa.

"Fundi, msiba haujaisha tu?" Madamu aliuliza.

Fundi alikaza sauti isije ikatoka ya mtu aliyelala. "Tunamaliziamalizia, Madamu."

"Wiki ya sita hii. Nina mashine tatu zimekufa, na sare za shule mbili zinasubiriwa. Yule fundi mwenye pikipiki kaja hapa mara mbili kuomba kazi. Sitaki kukutupa, tumetoka mbali mimi na wewe. Lakini Jumatano saa mbili asubuhi nikikukosa, namwandikia yeye mkataba. Tusije tukalaumiana."

"Jumatano nipo, Madamu. Kabla hata ya hiyo saa mbili."

Simu ilipokatika, mkewe alikuwa bado amesimama pale pale, mikono kiunoni.

"Msiba," alisema. "Aliyekufa nani?"

"Mjomba."

"Mjomba yupi? Mjomba wako wa mwisho alizikwa kabla hatujaoana."

"Basi ni huyo huyo. Kafa tena."

Mama yake Fundi, aliyekuwa mlangoni akichambua mchele kwenye ungo, alicheka mpaka mchele ukamwagika. Mkewe hakucheka. Alimtazama mumewe akigeuka ubavu, akishika mguu wa kiti, akijivuta taratibu kama mtu anayetoka kisimani. Alitamani kumshika mkono, lakini alishajua kwamba akimshika atagombezwa.

Chini ya meza kulikuwa na sanduku la vyombo vya kazi. Lilikuwa la chuma, Fundi alilichomelea mwenyewe, na kwa miaka yote aliyotengeneza vyerehani watu walimtambua kwa mlio wake kabla hawajamwona sura. Likiwa limejaa lilikuwa na kilo kumi na nane. Daktari alikuwa amesema tano. Alisema huku akiandika, hata hakuinua macho: asibebe kitu kinachozidi kilo tano, si mwezi huu tu, bali siku zote zilizobaki.

"Nitakodi mtu anibebee," Fundi alisema.

"Kila siku? Na pale kwa Madamu ni ghorofa ya tatu. Utakachopata kitaishia kwa mbebaji."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Tupunguze. Vile unavyovitumia kweli, viingie kwenye begi la mgongoni. Vingine vibaki."

Fundi alimtazama kana kwamba amemwambia aende kazini bila suruali. "Begi? Kama mwanafunzi?"

"Mchagua jembe si mkulima."

"Mimi sichagui jembe, mama watoto. Wewe unaninyang'anya shamba."

*

Walimwaga vyombo vyote juu ya mkeka. Vilitapakaa mpaka kwenye mlango wa chumba cha mama, naye akavuta kigoda akakaa kuangalia, maana tangu mwanawe aumwe nyumba ilikuwa imepooza na hapakuwa na la kuangalia.

Mkewe aliokota spana kubwa. "Hii mara ya mwisho umeitumia lini?"

"Juzijuzi."

"Juzijuzi ya mwaka gani?"

Spana ikawekwa upande wa ukuta. Wakaendelea hivyo, moja baada ya nyingine. Spana zilikuwa ishirini na mbili, naye alipobanwa sana alikiri kwamba vyerehani havina haja ya zaidi ya nne. Nyundo zilikuwa tatu. Bisibisi za mipini ya mbao, kubwa kama miiko ya kupikia, zilikuwa tisa. Kulikuwa na jiliwa zima la kubania vyuma, zito kama mtoto mchanga, ambalo Fundi alikuwa akilibeba kila siku na kulifunga kwenye meza ya watu labda mara moja kwa mwezi.

"Huwezi jua," alisema kuhusu jiliwa. Alisema hivyo hivyo kuhusu nyundo ya pili, na kuhusu msumeno wa chuma.

"Baba watoto, kila 'huwezi jua' ina uzito wake. Zikijumlishwa hizo ndizo zilizokuvunja mgongo."

Vilivyobaki mkewe alivifunga kwenye kanga, akatoka navyo hadi kwa jirani muuza vitunguu, mwenye mzani. Fundi alimfuata kwa nyuma, polepole, akijifanya anatazama mawingu.

"Leo unauza nyundo?" muuza vitunguu aliuliza huku akiondoa maganda kwenye sahani ya mzani. "Kilo bei gani? Nikichanganya na vitunguu hakuna atakayejua."

"Wewe pima tu, shemeji."

Mshale ulitikisika, ukatulia. Kilo nane na robo.

"Zimezidi?" muuza vitunguu aliuliza, akiona sura zao.

"Zimezidi tatu na robo," mkewe alisema. "Na begi lenyewe bado."

Fundi alichukua bisibisi moja kubwa, akaiweka pembeni. Mshale haukusogea kwa kiasi cha kumfurahisha mtu. Akaiondoa nyundo ya kati. Akaliondoa koleo kubwa, na hapo akasita, akalirudisha. Wanunuzi wawili walikuwa wamesimama wakisubiri vitunguu, na mmoja alimnong'oneza mwenzake kitu. Fundi alilisikia neno moja tu, "mgonjwa". Akavikusanya vyombo kwa haraka kuliko mgongo ulivyotaka, akaumia, akauficha uso.

*

Alasiri walikwenda kwa muuza vyuma chakavu. Fundi alishakubali kwamba tatizo halikuwa idadi tu: vyombo vyake vilikuwa vya zamani, vya chuma kizito, na ilibidi vipatikane vyepesi. Pesa ya kununulia vipya dukani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni vile vilivyobaki ukutani, ambavyo mkewe alivipakia kwenye toroli la kuazima na kulisukuma mwenyewe njia nzima.

"Fundi Sindano!" muuza vyuma alisema, akishangaa. "Umeacha kazi? Au umehamia kwenye kusukuma toroli?"

"Anayesukuma toroli ni mimi," mkewe alisema. "Tumekuja kubadilishana. Sisi tunakupa hivi vizito, wewe utupe vyepesi."

Muuza vyuma alivigeuzageuza kwa kidole cha mguu, kama mtu anayetazama samaki aliyeanza kuharibika. Jiliwa alilipenda, ila alijitahidi asionekane. Akaingia ndani akatoka na boksi la plastiki lenye bisibisi sita zinazong'aa, mipini ya manjano.

"Hizi hapa. Nyepesi kama manyoya. Seti nzima kwa jiliwa."

Mkewe alizipokea, akazipima mkononi, akaanza kutabasamu. Fundi akanyoosha mkono. Alitoa tupa ndogo mfukoni, akaisugua mara moja kwenye ncha ya ile bisibisi ya kwanza. Tupa ilikula chuma kama kisu kinavyokula sabuni.

"Hiki ni kijiko," alisema. "Ukikikaza kwenye skrubu ngumu kinajikunja. Warudishie waliokuuzia wakakorogee chai."

Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki sita mkewe kumsikia akizungumza kwa sauti ile. Fundi akaomba ndoo ya vyuma vichanganyiko, ile ambayo watu hawaiangalii. Kwa kuwa hakuweza kuinama, mkewe ndiye aliyekuwa akitoa kimoja kimoja na kumwinulia machoni, naye akisugua kwa tupa: hapana, hapana, hebu hicho tena. Hivyo ndivyo kilivyopatikana kipini kimoja kifupi chenye vichwa vinane vya kubadilisha, kizee, chenye kutu, lakini tupa iliteleza juu yake bila kukikwaruza. Zikapatikana spana mbili za ncha mbilimbili, na hapo hapo zikawa nne. Likapatikana koleo la mdomo mwembamba, funguo za skrubu za pembe sita zilizofungwa pamoja kama kisu cha kukunja, na nyundo ya sonara isiyozidi uzito wa embe.

"Na tochi ile ya kuvaa kichwani," mkewe alisema.

"Tochi haimo," muuza vyuma alisema.

"Basi jiliwa nalo halimo. Baba watoto, shika huku turudishe kwenye toroli."

Alijua vizuri kwamba mumewe hawezi kushika chochote. Fundi naye alijua, akasogea hatua moja mbele kama mtu anayejiandaa kubeba. Muuza vyuma akaguna, akaichomoa tochi msumarini.

Njiani Fundi aligeuka nyuma mara mbili.

*

Begi lilikuwa la binti yao, aliloliacha alipoolewa. Lilikuwa jepesi na imara, ila mbele lilikuwa na kipepeo mkubwa wa waridi. Jumanne nzima mkewe alikata suruali kuukuu ya jinzi, akaishona kwa mkono kuwa kitambaa kirefu chenye vijimfuko vya kubana, kila chombo na chake. Ukikikunja kilikuwa kama chapati ya kusokota. Ukikikunjua juu ya meza kila kitu kiko wazi na hakuna kinachogongana. Chupa ya chuma ya mafuta ikabadilishwa na ya plastiki ya dawa ya kikohozi. Brashi nene ikawa mswaki. Kwa muuza vitunguu, mshale ulisimama kwenye kilo nne na robo tatu, begi likiwemo.

"Na huyo kipepeo?" Fundi aliuliza.

Mkewe alimpaka kipepeo dawa nyeusi ya viatu. Akawa kipepeo mweusi.

Jumatano alfajiri, mkewe alipolinyanyua begi kulisogeza mlangoni, mkono wake ulikataa. Akafungua zipu. Chini kabisa, imeviringishwa kwenye shati, kulikuwa na nyundo kubwa na ile bisibisi ya mpini wa mbao iliyo ndefu kuliko zote, ambazo hazikuwahi kupanda toroli.

"Hii nini?"

"Kuna skrubu pale kwa Madamu nazijua mimi. Zile za chini. Hako kakipini kako hakaziwezi."

"Unataka mgongo au unataka nyundo?"

"Nataka kazi yangu! Unadhani ni mchezo? Nikifika pale nikashindwa skrubu moja mbele ya wale wanawake, utakuja wewe kuifungua?"

"Nitakuja."

"Utakuja kufanya nini? Watu waseme nini, kwamba siku hizi natembea na mke kama mlemavu?"

Mama alitokea mlangoni akijifunga kanga. "Marehemu baba yako alikuwa seremala," alisema. "Aliona haya kuvaa miwani, eti wataona amezeeka. Basi wakamwona hana kidole. Mpe mkeo hiyo nyundo."

Fundi alisimama akitweta. Kisha akaketi kitandani ili mkewe amfunge kamba za viatu, kwa kuwa hilo nalo alikuwa haliwezi, na mkewe alipomaliza akaziweka nyundo na bisibisi chini ya meza, akajifunga kilemba, akatoka naye.

*

Ngazi za kwa Madamu zilikuwa hamsini na nne. Fundi alipumzika mara tatu, kila mara akijifanya anasoma matangazo ukutani. Ndani kulikuwa na vyerehani thelathini kwa safu mbili, na wanawake walioacha kushona kumwangalia.

"Fundi kaanza shule!" mmoja alipiga kelele. "Hata begi analo!"

"Darasa la ngapi, Fundi?"

Kicheko kikaenda safu hadi safu. Madamu hakucheka. Alitazama saa, akamtazama Fundi, akamtazama mkewe.

"Sanduku liko wapi?"

"Siku hizi tunatembea wepesi, Madamu."

"Na huyu?"

"Mke wangu. Ananisindikiza."

"Mpaka ndani?" Madamu alisema, na akaonyesha mashine ya kwanza.

Ya kwanza ilikuwa imesongwa na vumbi la uzi kwenye meno yanayosukuma nguo. Mswaki na koleo jembamba viliimaliza kwa nusu saa. Ya pili sindano na ndoano ya chini zilikuwa zimepotezana. Fundi alivaa tochi, akalegeza, akazungusha gurudumu kwa kidole, akakaza. Mkewe alikuwa akimpa chombo kabla hajakitaja, maana mifuko yote aliishona yeye. Vicheko vilikoma. Madamu alipita mara moja, akapita tena, mara ya pili polepole.

Ya tatu ndiyo ilikuwa na skrubu ya chini.

Walikilaza kichwa cha mashine nyuma. Skrubu ilikuwa imeshikwa na kutu na mafuta makavu ya miaka. Fundi alipiga magoti, akakaza kipini, akavuta. Akavuta tena. Kipini kikateleza, kikamchubua vidole. Akainua macho, akakutana na ya mkewe. Kimawazo wote wawili waliiona nyundo chini ya meza ya nyumbani. Mkewe alisubiri alaumiwe, na moyoni alikuwa ameshakubali kwamba anastahili.

Fundi alifuta damu kwenye suruali. "Niletee pasi," alisema.

"Pasi?"

"Ile ya kunyooshea sare. Iwe ya moto kweli."

Aliigandamiza ncha ya pasi kwenye skrubu, akahesabu kimoyomoyo, akaiondoa, akadondosha mafuta. Yalichemka, yakatoa moshi, yakazama. Akarudia mara tatu. Kisha akaingiza kichwa cha kipini, akabana spana kwenye shingo yake kuongeza nguvu, akavuta. Skrubu ililia kama paka aliyekanyagwa, ikazunguka.

Mshonaji mmoja alipiga makofi. Fundi akatabasamu, akainama mbele kuona kilichokuwa ndani, na hapo hapo mgongo ukamfunga.

Hakupiga kelele. Alibaki amepiga magoti, mkono mmoja umeshika mguu wa meza, jasho likimtoka puani na kudondoka sakafuni.

"Fundi?" Madamu alisema.

"Subiri kidogo."

Mashine zilinyamaza moja moja mpaka chumba chote kikawa kimya.

"Fundi, inuka basi."

"Siwezi."

Wawili walikimbia kumnyanyua. "Msimguse!" mkewe alisema, kwa ukali uliowashangaza. Alisukuma vipande vya nguo vilivyokatwa vikawa lundo, akamshika mumewe mabegani na kumlaza ubavu, kisha chali, akavuta kigoda, akamwekea miguu juu yake. Fundi Sindano akawa amelala sakafuni mbele ya wanawake thelathini, macho darini.

Madamu alisimama juu yake, simu mkononi. "Huu ndio msiba?"

"Ndio huu, Madamu. Hakufa mtu."

"Wiki sita unanidanganya."

"Ningekwambia nimevunjika ungenisubiri?"

Madamu alianza kutafuta namba kwenye simu, na Fundi alijua ni ya nani. Akafumba macho. Alipoyafumbua alisema, si kwa Madamu:

"Mama watoto. Skrubu umeiona? Itoe yote. Kuna kibati, kiondoe, usikipindue."

Mkewe alivua kilemba, akavaa tochi, akapiga magoti. Skrubu ikamponyoka, ikabingirika chini ya meza, na wanawake wawili wakaifuata kwa tumbo. Akakiondoa kibati, akasafisha, akarudisha, akisema kwa sauti kila alichokiona ili mumewe aone kwa masikio. "Kaza. Acha. Rudisha kidogo. Sasa washa," Fundi alielekeza.

Mashine ikanguruma.

"Zima. Kuna kitu kinatafuna. Legeza nusu mzunguko."

"Nimelegeza."

"Umelegeza robo. Nasikia."

Akalegeza. Mashine ikawashwa tena, na safari hii ilikwenda laini. Mshonaji mwenye mashine yake alipitisha kitambaa, akakivuta kwa nguvu pande zote mbili, akampelekea Madamu. Madamu aliutazama mshono kwa nje, akaugeuza akautazama kwa ndani. Akairudisha simu mfukoni.

"Nitawalipa za leo," alisema. "Na nawapa mpaka mwisho wa mwezi. Lakini mimi nalipa fundi mmoja."

Fundi alikuwa ameshafungua mdomo kushukuru. Kwa miaka yote hakuwahi kubishana na Madamu hata siku moja.

"Madamu," mkewe alisema, akijifuta mafuta kwenye viganja, "hiyo mashine imetengenezwa kwa masikio ya huyu na mikono yangu. Ukiyalipa masikio peke yake, mikono italala njaa, kesho hayatakuwa na wa kumwambia kaza."

"Umeniletea mke au wakili?" Madamu alimuuliza mtu aliyelala sakafuni.

"Hata mimi namwona leo," Fundi alisema.

"Basi nalipa fundi mmoja na nusu. Na wewe, siku ukinidanganya tena, hata akifa mjomba wa kweli usirudi hapa."

*

Walifika nyumbani saa tisa alasiri. Mama aliwatazama wote wawili, mikono ya mkwewe myeusi hadi kwenye viwiko, akaenda kuchemsha maji bila kuuliza.

Mkewe alinawa, lakini mafuta yalibaki kwenye mistari ya viganja na chini ya kucha. Alikaa kwenye kiti, akavua viatu, akaegemeza kichwa ukutani. Fundi alikuwa mkekani, miguu juu ya kiti kingine.

"Ukisikia mashine inatafuna kama mtu aliyekula mchanga," alianza, "usikimbilie skrubu. Kwanza zungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, sindano ikiwa imetolewa. Ikiendelea kutafuna, tatizo liko chini. Ikinyamaza..."

"Baba watoto, nimechoka. Nifundishe kesho."

"Kesho Madamu ana mashine sita za kusafishwa."

Nje muuza vitunguu alikuwa akiita wateja. Mkewe akateremka kitini, akaketi kwenye mkeka kando ya mumewe, akakunja miguu.

"Ikinyamaza?" aliuliza.